Herufi Moja ya Mbu wa Asembo

"Kopi-pesti" ni neno la lawama shuleni: insha imenyofolewa kwingine, jina limebadilishwa, ikapelekwa kwa mwalimu. Kompyuta zinazotumia Kiswahili husema "nakili" na "bandika", nami nayapenda maneno hayo kwa kuwa yanatenganisha kazi mbili. Kunakili ni kuyarudia maandishi herufi kwa herufi. Kubandika ni kuyapachika mahali pengine, kama alivyofanya mhariri wa gazeti la zamani kwa mkasi na gundi. Kazi hiyo ya mkasi ndiyo Larry Tesler na Tim Mott waliyoiingiza kwenye programu ya Gypsy huko Palo Alto, Marekani, miaka ya 1970.

Viumbe hai vimekuwa vikinakili na kubandika tangu kale, na ushahidi mmoja uko Asembo, kaunti ya Siaya nchini Kenya, kando ya Ziwa Victoria.

DNA ya mbu ni maandishi marefu ya herufi nne: A, T, C na G. Kila seli inapogawanyika, maandishi yote hunakiliwa upya. Seli ni mnakili hodari, ila mara chache huteleza.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na washirika wao wa CDC, shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa, waligawa vyandarua vya kuzuia mbu wa malaria, vilivyotiwa sumu ya permethrini, Asembo na jirani yake Gem. (Sumu hiyo yenyewe ni nakala: wanakemia waliiunda kwa kuiga pareto, ua ambalo wakulima wetu wamelivuna miaka mingi.) Vifo vya watoto wenye umri wa kati ya mwezi 1 na miezi 59 vilipungua kwa asilimia 16. Hata boma lisilo na chandarua lilinufaika, mradi liwe ndani ya takriban mita 300 kutoka kwa majirani walio navyo. Kwangu mimi, hiyo ni moja ya habari njema kabisa zilizowahi kutoka ufuoni mwa ziwa hili.

Mbu nao walikuwa na nakala zao. Permethrini huua kwa kung'ang'ania mlango mdogo kwenye neva ya mbu na kuuacha wazi, hivyo neva hupiga mfululizo mpaka mdudu aanguke. Mwaka 2000 watafiti waliripoti kosa la herufi moja katika jeni ya mlango huo kwa mbu wa Kenya: palipopaswa kusomeka TTA pamesomeka TCA. Sumu haishiki tena vizuri. Mwaka 1996 kosa hilo lilikuwa nadra magharibi mwa Kenya. Kufikia 2010 lilikuwa limeenea karibu kote kwa mbu wa *Anopheles gambiae*. Chandarua hakikuliandika kosa. Kiliwaondoa mbu wenye nakala safi, wakabaki wenye kosa kuzaana.

Hayo ni ya kunakili. Kubandika kulifuata. Katika mbu wa Uganda na magharibi mwa Kenya, watafiti wamekuta jeni iitwayo Cyp6aa1 imerudiwa na kupachikwa mara ya pili, na karibu yake kipande cha DNA kinachohamahama, cha jamii ambayo wataalamu huiita Zanzibar. Jeni ikiwa mbili, vimeng'enya vya kuvunja sumu huongezeka. Inakadiriwa mpangilio huo ulianza katika miaka ya 2000.

Ajabu ni kwamba nakala ya zamani ingalipo. Maabara za nchi nyingi hufuga mbu wa aina ya "Kisumu", uzao wa mbu walionaswa huku kwetu miongo mingi iliyopita, wasiohimili sumu. Mbu wa leo hupimwa kwa kulinganishwa nao.

Jibu moja limeshapatikana: vyandarua vyenye PBO, kemikali inayovizuia vile vimeng'enya. Ukipewa chandarua, soma lebo uone kama PBO imeandikwa. Isipokuwepo, kitundike vivyo hivyo usiku huu, maana mbu hajajifunza kupenya uzi.