Goma: Gunia la koltani linapimwa, mapafu ya mchimbaji hayapimwi

Goma, Kivu Kaskazini – Kwa miaka mingi magunia ya koltani yameshuka kutoka vilima vya Rubaya, teritwari ya Masisi, kwa mgongo wa watu, kwa pikipiki na kwa gari, yakipita Sake hadi Goma. Ni safari ya kilomita karibu 60. Njiani kila mtu anapima kitu: kilo, kiasi cha tantali ndani ya mchanga, bei ya siku. Lakini kuna kipimo kingine ambacho mchimbaji kwa kawaida hakioni, nacho kinaweza kuzuia gunia lisipande meli: kipimo cha mionzi.

Wakaaji wengi wa Kongo wakisikia mionzi, wanafikiri Shinkolobwe, kule Katanga, ambako ilitoka sehemu kubwa ya uraniumu ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Koltani si madini ya namna hiyo. Inatafutwa kwa sababu ya tantali, inayotumiwa katika vipande vidogo vya umeme ndani ya simu na kompyuta. Hata hivyo, koltani ilipojijenga ardhini zamani sana, ilifunga ndani yake uraniumu kidogo na thoriumu kidogo. Hakuna mtu aliyeitia humo. Kiasi chake kinatofautiana kutoka shimo moja hadi lingine, na kwa macho haiwezekani kujua.

Bekereli 10 kwa gramu

Mionzi inapimwa kwa bekereli, jina lililotoka kwa Mfaransa Henri Becquerel, aliyeigundua mwaka 1896. Bekereli moja maana yake ni atomu moja inayovunjika kila sekunde. Hata mwili wa mtu mzima una zaidi ya bekereli 4.000 kwa sababu ya potasiamu iliyo katika vyakula, kama ndizi na maharagi. Kwa hiyo swali si kama kitu kina mionzi, ila kina kiasi gani.

Kanuni za usafirishaji za Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki zimeweka mpaka. Madini ya asili ambayo hayachimbwi kwa ajili ya uraniumu wala thoriumu yanasafiri kama mzigo wa kawaida ikiwa vitu hivyo viwili, vikijumlishwa, havizidi bekereli 10 kwa gramu. Kwa uraniumu peke yake, mpaka huo unafikiwa ikiwa ndani ya kilo moja ya koltani kuna gramu 0,8 tu za uraniumu. Gunia la kilo 50 lililo kwenye mpaka huo lina atomu 500.000 za uraniumu na thoriumu zinazovunjika kila sekunde.

Likipita hapo, gunia linaingia daraja la 7, la mizigo ya mionzi. Linahitaji vibandiko, karatasi za pekee na ufungaji wa pekee. Kampuni nyingi za meli hazipendi mzigo huo, na bandari nyingine zinaukataa. Mfanyabiashara aliyekwisha kulipa wachimbaji anaweza kukuta mali yake imekwama Mombasa au Dar es Salaam.

Mashine inayohesabu cheche

Kujua kiasi hicho, maabara haipimi gunia zima. Inachukua sampuli kutoka sehemu mbalimbali za mzigo, inaichanganya, inaisaga na kuiweka katika kopo lililofungwa kabisa. Kopo linaachwa wiki tatu hadi nne. Sababu ni kwamba uraniumu yenyewe haitoi miale mingi ya gama. Inayotoa miale iliyo rahisi kupima ni vizazi vyake, vinavyokuja baada ya gesi ya radoni. Kopo likivuja, gesi inatoka na hesabu inadanganya.

Kisha kopo linawekwa juu ya fuwele ndani ya sanduku la kuta nene za risasi, ile madini nzito iliyo katika betri za gari. Mashine nyingi zinatumia fuwele ya iodidi ya sodiumu, mbinu iliyoanzishwa na Robert Hofstadter mwaka 1948. Mwale wa gama ukigonga fuwele, unatoa cheche ndogo ya mwanga. Kifaa kilicho nyuma yake kinageuza cheche kuwa mpigo wa umeme, na mpigo unahesabiwa.

Mwale wenye nguvu unatoa cheche kali kuliko mwale dhaifu. Kwa njia hiyo mashine inatambua pia mwale umetoka wapi. Mstari wa kilo-elektroni-volti 609 unaonyesha bismuthi-214, kizazi cha uraniumu. Ule wa 2.615 unaonyesha taliumu-208, kizazi cha thoriumu.

Kazi hii inataka subira. Fundi anapima kwanza kopo tupu, kwa sababu kuta, sakafu na hata mawe ya volkano kama yale ambayo Goma imejengwa juu yake yana mionzi yake ya asili. Hesabu hiyo inatolewa katika ile ya sampuli. Tena anaiacha mashine ifanye kazi kwa muda mrefu. Ikihesabu mipigo 100, kosa linaweza kuwa 10 juu au chini, yaani asilimia 10. Ikihesabu 10.000, kosa linashuka hadi asilimia 1. Kipimo cha haraka haraka kinaweza kumponza muuzaji au kumdanganya mnunuzi.

Hatari iko kwenye vumbi

Lakini kipimo hicho kinafanywa ili kulinda meli, bandari na kiwanda. Mchimbaji amekwisha kufanya kazi yake zamani.

Mwaka 2007 watafiti Mustapha, Mbuzukongira na Mangala walichapisha katika jarida la Journal of Radiological Protection uchunguzi juu ya wachimbaji wa mikono wa koltani mashariki mwa Kongo. Walikokotoa mionzi ambayo mtu anapokea katika kila hatua ya kazi. Jibu lao halikuwa gunia mgongoni. Hatari kubwa ilikuwa vumbi: mtu anayetwanga na kuchekecha koltani kavu anaweza kupokea, kwa kuvuta pumzi tu, hadi milisiveti 18 kwa mwaka.

Kwa kulinganisha, mpaka uliowekwa kimataifa kwa raia wa kawaida ni milisiveti 1 kwa mwaka juu ya mionzi ya asili. Kwa mfanyakazi wa mionzi ni wastani wa 20, lakini huyo anavaa kifaa cha kupimia, anafundishwa na anafuatiliwa na waganga. Mtwangaji wa Masisi anaweza kukaribia kiwango cha mfanyakazi huyo bila kupata hata kimoja cha vitu hivyo.

Mwale wa gama unapita mwilini na kwenda zake. Kubeba gunia hakumfanyi mtu awe na mionzi. Chembe ya vumbi ni jambo lingine. Ikikaa ndani ya mapafu, inaendelea kutoa chembe za alfa, ambazo ngozi ingezizuia, karibu kabisa na nyama laini ya ndani. Madhara yake, kama saratani ya mapafu, yanaweza kuchukua miaka mingi kuonekana. Tena vumbi hilo la mawe linaharibu mapafu hata bila mionzi.

Sheria ipo, vita pia

Kongo si mgeni katika elimu hii. Mtambo wa kwanza wa nyuklia barani Afrika, Trico, uliwashwa Kinshasa mwaka 1959. Sheria namba 017/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 inahusu ulinzi dhidi ya hatari za mionzi. Lakini Kinshasa iko mbali na Masisi, na vita vimeongeza umbali huo. Rubaya iliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Aprili 2024, na Goma mwishoni mwa Januari 2025. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti kwamba koltani ya Rubaya ilivushwa kwenda Rwanda na kuchanganywa na ya huko. Ikichanganywa, kipimo cha mwisho hakisemi tena ni shimo gani lililotoa mionzi mingi, wala ni watu gani walilichimba.

Yapo mambo yasiyongoja mashine. Koltani iliyolowana haitoi vumbi: kumwagia maji kabla ya kutwanga na kuchekecha kunapunguza sehemu kubwa ya hatari. Kutwanga kufanywe nje, penye upepo, mbali na watoto na vyakula. Magunia yasiwekwe katika chumba cha kulala, hasa kisicho na madirisha, kwa sababu radoni inakusanyika humo. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na mikono inawiwe kabla ya kula.

Gunia likifika bandarini litakuwa na karatasi inayosema lina bekereli ngapi kwa gramu. Juu ya mtu aliyelitwanga, hakuna karatasi inayosema kitu.