Kidhibiti joto kisihukumiwe bila ushahidi

Miongoni mwa maradhi yanayotusumbua sisi tuliopitia madarasa ya fizikia ni kukimbilia hukumu kabla ya kuwasikiza mashahidi. Kifaa cha umeme kikianza ukorofi, aghalabu tunakinyoshea kidole kile kisanduku chenye tarakimu zinazowaka, tukakitangaza kuwa kimeharibika, na papo hapo tukaanza kutafuta pesa za kununua kingine. Nachukua mfano wa tanuri la kuchomea nyama linalotumia tembe za mbao, lililobuniwa na Joe Traeger huko Oregon, Marekani, katika miaka ya 1980. Huenda mfano huu ukaonekana wa anasa mbele ya msomaji aliyezoea makaa na wavu, lakini una mafunzo kuliko kurasa nyingi za vitabu vyetu.

Kidhibiti cha tanuri hilo hufanya kazi ile ile ya mchomaji nyama wetu. Yeye huupitisha mkono juu ya makaa, akaamua, kisha akapepea kwa kipande cha katoni au akayatawanya makaa. Katika tanuri, mkono ni kihisi kilichofichwa ndani ya ufito wa chuma, uamuzi hufanywa na kisanduku, na utekelezaji huachiwa feni pamoja na parafujo inayosukuma tembe motoni. Kisanduku tunachokilaumu hakikai ndani ya moshi. Kihisi ndicho kinachokaa humo, kikipakwa mafuta na masizi kila siku. Ni nani basi anayestahili kushukiwa kwanza?

Kihisi kinachotumika sana ni waya mwembamba wa platinamu ambao ukinzani wake huongezeka kadiri joto linavyopanda. Kile cha kipimo cha kawaida viwandani kina omu 100 kwenye nyuzi 0 za Selsiasi na omu 138.5 kwenye nyuzi 100, yaani takribani omu 0.385 kwa kila nyuzi moja. Katika kihisi chenye nyaya mbili, kiungo kikishika kutu na kuongeza omu 4 tu, kisanduku kitaamini kwamba joto limezidi kwa nyuzi 10 hivi, kipunguze tembe, na nyama ibaki mbichi ndani. Waya ukikatika kabisa, tarakimu zitaonyesha joto la ajabu au alama ya hitilafu, hata kama tanuri limepoa tangu jana.

Uchunguzi wenyewe ni rahisi. Zima umeme, chomoa kihisi, kisha upime ukinzani wake kwa multimita huku ncha yake ikiwa ndani ya maji yenye barafu, halafu ndani ya maji yanayochemka. Lakini hapa mwanafunzi wa Nairobi awe macho! Maji ya Mombasa huchemka kwenye nyuzi 100. Ya Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na ya Eldoret huchemka kwenye nyuzi 93. Kihisi kizima kitaonyesha omu 136.2 jijini Nairobi, na asiyekumbuka jiografia atakitupa kihisi kisicho na kosa lolote.

Kihisi kikithibitika kuwa kizima, tazama fyuzi, feni iliyozibwa na majivu, na tembe zilizonyeshewa ambazo huvimba zikaikaba parafujo. Mwisho kabisa ndipo zamu ya kisanduku, hasa relei yake, ambayo huweza kuganda ikaendelea kupitisha umeme hata baada ya kuamriwa kukoma.

Kwa maoni yangu, walimu wetu wanawatahini wanafunzi mno kuhusu vifaa vizima. Kiangulio cha vifaranga, chenye kudumisha nyuzi 37.5 au karibu na hapo, hufuata kanuni iyo hiyo ya tanuri, na shule nyingi zenye somo la kilimo zinaweza kukiunda. Mwalimu na akilegeze kiungo kimoja cha kihisi kwa siri, tena umeme ukiwa umezimwa, kisha alipe darasa multimita na kipimajoto cha kioo. Alama zisitolewe kwa atakayebahatisha. Kabla ya kugusa chochote, mwanafunzi aandike anachokishuku, na kipimo gani kingemwonyesha kwamba tuhuma yake ni ya uongo.