Stelingi Anajua Ngumi, Mapenzi Hayajui

Hapa Mtera muvi ya Kifaransa inafika kibandani ikiwa imeshatafsiriwa, sauti ya mtafsiri imepanda juu ya ngumi na risasi. Sisi wakaanga perege tunafunga majiko mabasi ya Iringa na Dodoma yakiisha, tunabanana kwenye mabenchi na wavuvi wa bwawani. Ndivyo nilivyoiona The Transporter ya mwaka 2002, ambayo Mfaransa Luc Besson aliiandika pamoja na Robert Mark Kamen.

Wengi mnaijua. Frank Martin, yaani Jason Statham, ni dereva wa mizigo ya siri kusini mwa Ufaransa. Ana masharti: makubaliano hayabadilishwi, majina hayatajwi, mzigo haufunguliwi. Siku moja mzigo unatikisika. Anafungua begi, anamkuta Lai, msichana wa Kichina, amezibwa mdomo. Anampa kinywaji, halafu anampeleka kwa maadui vilevile na kuondoka zake!

Kinachofuata ndicho kinachonikera. Maadui wanalipua gari la Frank, anarudi kulipiza kisasi, anaondoka na gari lao, kumbe Lai yumo kiti cha nyuma. Asubuhi binti anaoka vikeki jikoni kwa Frank. Nyumba inapigwa makombora, wanatoroka kwa kupiga mbizi, na nywele hazijakauka vizuri wameshakuwa wapenzi. Mwanamke gani huyo? Hata kumuuliza, "Jana mbona ulinikabidhi kwa wale?" hamna. Yale mapigano ya gereji ya mabasi, sakafu imejaa oili, yamepangwa kwa akili kweli. Mapenzi yamepachikwa tu.

Mtafsiri naye aliliona pengo. Pale Lai anapomtazama Frank kimya, akamtungia maneno: nimekusamehe, sina ndugu mwingine wa kumkimbilia. Kibanda kizima kikaguna, "Aaa!" Maneno hayo kwenye muvi hayamo.

Ufundi huo ni wa siku nyingi. Derek Gaspar Mukandala, ambaye Dar es Salaam walimjua kwa jina la Lufufu, alipata sifa kwa kusimulia muvi za nje kwa Kiswahili, Titanic ikiwemo. Lakini Titanic inampa msimulizi pa kushika: Rose ana mchumba tajiri, ana mama anayeitegemea ndoa hiyo, na kumfuata Jack ni kuviacha vyote. Lai anaacha nini? Baadaye tunaambiwa baba yake mwenyewe ndiye anayesafirisha watu ndani ya makontena. Hapo palikuwa na hadithi nzito, binti na mzazi wake, na Shu Qi aliyeigiza Lai angeiweza. Muvi ikakimbilia kufukuzana na malori.

Nyumbani tunayo mifano bora. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, imetokana na riwaya ya Adam Shafi. Yasmin amekimbia ndoa ya mume mzee aliyechaguliwa na wazazi, anampenda Denge, mpigania uhuru anayesakwa na serikali ya kikoloni Unguja. Unaona kila mmoja anahatarisha nini, hata mtafsiri hahitajiki kuongeza neno.

Mwaka 2005 ikatoka sehemu ya pili ya The Transporter. Frank yuko Miami, Lai hayumo. Tuliitazama mpaka mwisho, na kibandani hakuna aliyemuulizia.