UVIMBE KATIKA TITI: USINGOJE MAUMIVU



Mama mmoja alikuja katika zahanati yetu. Alikuwa ameona uvimbe katika titi lake wakati wa kupanda mahindi. Alipokuja kwangu, mahindi yalikuwa yamekwisha vunwa, na titi lilikuwa na kidonda. Nilimwuliza kwa nini alichelewa. Alijibu, "Mganga, ulikuwa hauumi."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike somo hili. Watu wengi hufikiri kuwa kitu kisichouma si ugonjwa. Kwa titi si hivyo. Saratani ya titi inapoanza, mara nyingi haiumi.

Je, kila uvimbe ni saratani?

Hapana. Uvimbe mwingi wa titi si saratani. Wasichana wengine hupata uvimbe wa mviringo ambao huteleza ukiguswa kwa kidole. Wanawake wengine huumwa matiti hedhi inapokaribia, na hedhi ikiisha maumivu hupoa. Mama anayenyonyesha huweza kupata jipu. Titi huwa jekundu au la moto, huuma sana, na homa hupanda. Mama huyo aje zahanati siku hiyo hiyo. Asimwachishe mtoto kunyonya. Akishindwa kwa uchungu, akamue maziwa.

Lakini hata mimi mganga siwezi kujua kwa kushika tu kwamba uvimbe huu ni saratani na ule siyo. Lazima upimwe.

Dalili za hatari

1. Uvimbe mgumu katika titi au kwapani, hata kama hauumi.
2. Ngozi ya titi kubonyea, au kuwa kama ganda la chungwa.
3. Chuchu iliyokuwa nje kuingia ndani.
4. Chuchu kutoa damu.
5. Kidonda cha titi kisichopona.

Ukiona hata dalili moja, njoo zahanati. Usingoje ya pili.

Yajue matiti yako

Kila mwezi, siku chache baada ya hedhi kwisha, yachunguze matiti yako. Wakati huo huwa laini. Aliyekwisha koma hedhi achague siku moja ya mwezi. Unapooga, paka sabuni mkononi. Pitisha vidole vitatu, vikiwa vimelala, titi zima mpaka kwapani. Ukiyajua matiti yako, utatambua mapema kitu kigeni.

Hospitalini wanafanya nini?

Zahanati itakuandikia barua ya kwenda hospitali. Huko daktari atakukagua na kukupiga picha ya titi. Kisha atachoma sindano na kutoa kinyama kidogo sana. Kinyama hicho hutazamwa kwa hadubini. Hapo ndipo jibu la hakika hupatikana. Shirika la Afya Duniani linashauri kuwa uchunguzi huo wote umalizike katika siku 60. Kwa hiyo ukiambiwa urudi kuchukua majibu, rudi.

Ikiwa ni saratani, tiba ni upasuaji, dawa, au mionzi. Wagonjwa wengine hupewa zote. Ikigunduliwa mapema, wengi hupona. Ikicheleweshwa, huenea hadi kwenye mifupa, mapafu na ini, na kuiponya huwa vigumu sana.

Mambo ya kuacha

Usichanje uvimbe. Usiukande kwa majani ya moto. Usimtafute mchawi. Saratani hairogwi, wala haiambukizi. Mgonjwa ale na wenzake na alale na watoto wake.

Nanyi akina baba, sikilizeni. Mwanamume naye huweza kupata saratani ya titi, ingawa ni mara chache. Tena mara nyingi nauli ya kwenda hospitali iko mfukoni mwenu. Mkeo akikuonyesha uvimbe, usimwambie angoje mavuno.

Yule mama nilimwandikia barua siku ile ile. Anatibiwa, lakini safari yake imekuwa ndefu kuliko ambavyo ingekuwa. Wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini yule mama alichelewa?
2. Taja dalili tatu za hatari.
3. Katika kijiji chetu, ni nini kinachowazuia wanawake kwenda zahanati mapema? Tufanye nini?