Blogu ya bure ikae kama duka: mambo manne ya kurekebisha leo

Ndugu mjasiriamali, bidhaa ukiiweka status inapotea baada ya saa 24. Kwenye blogu inabaki, na mteja wa Arusha au Dar anaweza kuikuta hata usiku wewe umelala.

Mimi nauza vitunguu swaumu nikiwa huku Masieda, Mbulu, na natumia Blogger. Ipo tangu 1999, Google waliinunua 2003, na mpaka leo ni bure. Ila ukiiacha ilivyo inakaa kama gazeti. Haya ndiyo ya kubadilisha, na unaweza kuyafanya kwa simu tu.

1. Hifadhi kwanza
Nenda Theme, bonyeza kamshale pembeni ya Customize, chagua Backup. Faili linashuka kwenye simu. Kodi zikivurugika, unarudi palepale, unabonyeza Restore. Usiguse Edit HTML kabla ya hapo.

2. Bei ikae sehemu moja
Bei ya swaumu inapanda na kushuka. Ukiiandika ndani ya kila posti, mteja atakuta ya msimu uliopita na kuing'ang'ania. Hapo mnagombana, na uaminifu unaondoka. Ingia Layout, Add a Gadget, chagua HTML/JavaScript, andika "Bei ya leo" na tarehe. Ukibadilisha hapo, umemaliza kazi. Taja bei kwa kilo. Lumbesa imekatazwa, na mteja wa mbali haoni gunia lako limejazwaje.

3. Weka kitufe cha kuagiza
Ongeza gadget nyingine kama hiyo, kisha pesti hii:

<a href="https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Naomba%20vitunguu%20swaumu">Agiza hapa</a>

Kwenye X weka tarakimu tisa za namba yako. Sifuri ya mwanzo toa, alama ya kujumlisha usiweke. Hiyo %20 ni nafasi kati ya maneno. Mteja akibonyeza, WhatsApp inafunguka na ujumbe umeshaandikwa, yeye anatuma tu.

4. Punguza uzito
Mteja mwenye bando dogo hasubiri. Ingia Settings, kwenye Max posts shown on main page weka 5, halafu washa Lazy load images ili picha zishuke pale mtu anapozifikia. Picha zenyewe zipunguze ukubwa kabla ya kuzipandisha. Mbili tatu safi zinatosha: kitunguu kizima, punje zikiwa zimemenywa, na mzigo ukiwa juu ya mzani.

Ukimaliza, azima simu ya mtu mwingine, ile ya bei nafuu, ufungue blogu yako mahali mtandao unaposuasua. Kama bei na kitufe havionekani haraka, rudi Layout uvipandishe juu.

Na blogu ya duka ibaki duka. Ukitaka kuanza kurusha habari na matukio, waulize kwanza TCRA kuhusu leseni.

Umekwama hatua gani? Andika hapo chini tusaidiane.