Pleyi imepanda bei, na kilo yetu nani anaipima?

Upande wa Masisi, chini kidogo ya mlima ambako wengi wetu tulivunjia mgongo, kuko nyumba ya mbao yenye televizyo mbili. Ikifika jioni, watoto na wachimbaji wanasongamana mule. Bei imeandikwa kwa makaa kwenye ubao: franka 500 mechi moja, anayefungwa anatoka. Mwenye nyumba alikuwa mchimbaji mwenzetu. Siku moja udongo ulimwangukia mguu, na mguu haukurudi sawa. Sisi wa sendika tulimchangia matunzo. Yeye mwenyewe aliuza mbuzi zake mbili, akanunua PlayStation 2 ya okazyo, manete mbili, sola ndogo na batri ya gari. Leo watoto wake wanasoma kwa ile mashini.

Tulimfikia juu ya michango ya sendika tu. Tulibaki mpaka usiku, sababu yule ndugu anajua habari za mashini za mchezo kuliko vile sisi tunajua Kodi ya madini. Tukasema: haya maneno wachimbaji na familia zao wayasome, sababu nyuma yake kuko jasho letu.

Mashini ya zamani haikufi

Neno lake la kwanza ni juu ya mashini yenyewe. Ile PlayStation 2 ilitoka Japani tarehe 4 Machi 2000, kisha Amerika na Ulaya mwisho wa mwaka uleule. Sony iliacha kuitengeneza mwanzo wa 2013, wakati ilikwisha kuuza zaidi ya milioni 150. Hakuna konsoli nyingine ya nyumbani iliyouzwa kiasi kile. Kwetu bado inafanya kazi.

«Iyi haiombi koneksyo,» akatuambia. «Unatia sidi, banacheza. Lensi ikichafuka, ninafungua, ninapanguza na kitambaa, inarudia kazi. Manete ikikufa, ninatosha kipande ku ingine. Ile ya mupya, PlayStation 5, mbele ya kucheza inakuambia ngoja, ivute kwanza ma giga na ma giga. Makuta ya ma giga nitatosha wapi? Na umeme? Sola yangu itaweza?»

Ana haki. PlayStation 5 ikicheza mchezo mzito inakula karibu wati 200. Ile PlayStation 2 ndogo haifiki hata robo ya pale. Kwa mtu wa mji wenye umeme wa bomba hiyo si kitu. Kwa mtu anayehesabu jua, ni tofauti ya kazi na njaa.

Neno la pili ni sidi. Wazungu wanaanza kuuza mashini zisizo na mahali pa kutia sidi. Ile PlayStation 5 Pro iliyotoka Novemba 2024 iliuzwa dola 700 Amerika, na mahali pa sidi unanunua kando. Mchezo unaununua kwa intaneti, unabaki ndani ya konti yako, huwezi kuuazima kwa jirani wala kuuza. Ndugu yetu alisema: «Kitu chenye mutu hawezi kuuzisha tena, hakitafika kwetu hata siku moja.» Tulinyamaza. Suruali zetu, simu zetu, pikipiki, hata mabuti ya shimoni, vyote vimepita kwa mtu mwingine mbele ya kutufikia. Dunia ikiacha kuuza okazyo, sisi tutabaki na nini?

Bei inayopanda na uzee

Zamani konsoli ikizeeka, bei inashuka. PlayStation 2 ilianza dola 299 Amerika. Mwaka wa 2002 ikawa 199. Mwaka wa 2009 ikashuka mpaka 99. Hata masikini wa kule aliweza kungoja siku yake.

Leo ni kinyume. PlayStation 5 ilitoka Novemba 2020 kwa dola 499. Miaka karibu tano kupita, Agosti 2025, Sony iliongeza dola 50 juu yake Amerika. Ulaya ilikuwa imekwisha kuongezwa mbele, mwaka wa 2022. Microsoft nayo imeongeza bei ya Xbox. Nintendo ilileta Switch 2 Juni 2025 kwa dola 450, na mchezo mmoja, Mario Kart World, ukauzwa dola 80, wakati watu walizoea 60, kisha 70. Kampuni zinasema ni juu ya hali ya uchumi, na Amerika ni juu ya ushuru wa forodha. Yule ndugu alicheka. «Mashini inazeeka, bei inakuwa kijana.»

Juu ya michezo yenyewe hana huruma. Kila mwaka wanauza mpira uleule, wanabadilisha majina ya wachezaji na rangi ya maliyo. Hata jina FIFA lilitoka: tangu 2023 EA inauita EA Sports FC. Ule mwingine, PES, tangu 2021 unaitwa eFootball, hauombi makuta ya kuanza, unakuomba makuta ukiwa ndani. Kwake watoto wanacheza PES ya zamani ambayo mafundi wametia wachezaji wa leo. Mtoto wa Masisi anafunga goli na mchezaji aliyekuwa bado hajaanza shule wakati ule mchezo ulitengenezwa.

Mwaka wa 2000, sisi tulikuwa wapi?

Hapa ndipo wazee wa sendika walichukua neno. Sababu mwaka ule PlayStation 2 inatoka, wengi wetu tulikuwa vijana wa miaka ishirini, na hatukujua hata jina lake.

Ndani ya simu, kompyuta na konsoli kuko vipande vidogo kama punje ya mchele vinavyoweka umeme kidogo na kuuachilia. Nyingine zinatengenezwa na tantali, na tantali inatoka ndani ya koltani. Mwaka wa 2000 dunia yote ilikuwa inatafuta simu na kompyuta, na wafanyabiashara walikuwa wanaweka akiba kwa woga wa kukosa. Bei ya tantali ikaruka kutoka chini ya dola 50 kwa ratili moja mpaka zaidi ya 200 mwisho wa mwaka.

Kwetu ilikuwa kama mvua ya makuta. Walimu waliacha chaki. Wachungaji wa Masisi waliacha ng'ombe. Mashamba ya maharagwe yalibaki na majani, na maharagwe yakawa ghali kuliko nguo. Mwezi wa Novemba 2000 RCD-Goma, iliyokuwa inatawala hapa, ilipeana haki yote ya kuuza koltani nje kwa kampuni moja, SOMIGL, ili ishike kodi vizuri. Kisha 2001 bei ikaanguka. Wengine wetu tulikuwa tumekopa juu ya ile bei ya juu. Deni halikuanguka.

Kule Ulaya watu walianza kuita vita vyetu «vita vya PlayStation». Mbunge wa Uingereza, Oona King, alisema watoto wa Kongo wanatumwa kufa mashimoni ili watoto wa Ulaya na Amerika waue viumbe vya uongo sebuleni. Tunamshukuru kwa kutuona. Lakini tuseme ukweli wote: konsoli haikuleta vita peke yake. Vita vilikuwa vimekwisha kuanza. Tantali nyingi ya dunia wakati ule ilitoka Australia, si kwetu. Bei ile ilipandishwa na simu, kompyuta na woga wa wafanyabiashara, konsoli ikiwa mmoja kati yao. Mtu akikuambia ugonjwa una sababu moja tu, anatafuta kukuuzia dawa moja tu.

Dawa ilituumiza sisi

Na dawa ililetwa kweli. Mwezi wa Julai 2010 Amerika ilitoa sheria ya Dodd-Frank. Ndani yake kuko kipengele 1502: kampuni zinazouza hisa kule lazima ziseme kama koltani, stani, wolframu na dhahabu yao vinatoka Kongo ao kwa majirani zetu. Mwezi wa Septemba uleule, Rais Kabila akasimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, mpaka Machi 2011.

Watu wa Walikale hawasahau. Bisie ilikuwa inatoa sehemu kubwa ya kasiterite ya jimbo. Kasiterite ndiyo inatoa stani, na stani ndiyo inashikanisha vipande vyote ndani ya konsoli, simu na radio. Fundi wa radio anaijua, ndiyo anayeyusha kila siku. Vijana walibeba kilo 50 mgongoni, siku mbili ndani ya pori mpaka Njingala, na ndege zilitua juu ya barabara kule Kilambo kuchukua mzigo. Barua ya Kinshasa ilifika, kazi ikasimama. Ndege zilipoacha kutua, chumvi na sabuni navyo viliacha kuja. Watoto waliacha shule. Wenye bunduki, wao walibaki ndani ya pori.

Kisha zikaja tikete. Kila mfuko na namba yake, ili mnunuzi wa mbali ajue ulitoka shimo gani. Sisi hatukatai tikete. Tumesaidia kuifundisha kwa wachimbaji. Lakini tikete inasema mfuko ulitoka wapi. Haisemi aliyeuchimba alilipwa ngapi.

Leo hali ni nzito tena. Wataalamu wa ONU wameandika kwamba Rubaya peke yake inatoa karibu 15% ya tantali ya dunia, na kwamba tangu mwisho wa Aprili 2024 iko mikononi mwa M23, inayokusanya kodi ya dola 800,000 hivi kwa mwezi. Mwezi wa Februari 2025 serikali ilitia mashimo ya Masisi na Kalehe alama nyekundu: madini yake hayaruhusiwi kuuzwa. Mwezi wa Machi 2025 vita vilifika Walikale, na Alphamin, inayotoa karibu 6% ya stani ya dunia kule Bisie, ikasimamisha kazi kwa wiki chache. Mchimbaji hana mkono ndani ya mambo haya. Akichimba anaitwa mwenye kulisha vita, akiacha familia inalala njaa.

Hesabu ya manete moja

Usiku ule tulifanya hesabu juu ya meza, kati ya mechi mbili. Ndani ya konsoli moja, tantali ni kidogo sana, uzito wa kuhesabu kwa gramu, hata si kwa kumi. Sehemu ya mchimbaji juu yake ni senti. Basi kama dunia ingetulipa mara mbili, PlayStation ingepanda senti chache tu, na mchezaji wa Paris asingeona kitu. Zile dola 50 za Agosti hazikutoka shimoni kwetu, na hazikuteremka shimoni kwetu. Mtu asitudanganye kwamba malipo yetu ndiyo yatafanya vitu kuwa ghali.

Na tuliona jambo lingine. Wale wanaotengeneza michezo nao wanaumia. Microsoft ilinunua Activision Blizzard kwa karibu dola miliadi 69 mwaka wa 2023. Januari 2024 ikatangaza kufukuza wafanyakazi 1,900 wa michezo. Mwezi uliofuata Sony ikatangaza 900. Waigizaji wanaotoa sauti ndani ya michezo waligoma Amerika karibu mwaka mzima, tangu Julai 2024, wakikataa mashini iibe sauti zao. Mwaka wa 2025 wafanyakazi wa michezo wa Amerika na Kanada waliunda sendika yao. Hatujuani nao. Lakini mtu anayefukuzwa wakati kampuni inanunua kampuni, na mtu anayelipwa kilo kwa macho ya negosiyanti, ni ndugu wa kazi.

Tunaomba nini, basi? Hatuombi mtu aache kucheza. Kususia tulikwisha kukuona 2010. Tunaomba yule anayeuza tikete aandike pia bei iliyolipwa shimoni. Tunaomba kipimo cha tantali kifanywe mbele ya macho ya mchimbaji, sababu leo negosiyanti anapima ndani ya nyumba, anatoka na namba, na sisi tunasema asante.

Na nyinyi wandugu wachimbaji, nyinyi wamama mnaopokea makuta ya wiki: msiuze mfuko bila kuona kipimo. Andikeni katika daftari tarehe, uzito, kipimo na bei. Watoto wanaosoma wawasaidie kuandika. Sendika haiwezi kusimama mbele ya mtu yeyote na maneno ya kinywa tu.

Tulipoaga, kijana wa miaka kumi na mbili ao kumi na tatu alikuwa amefungwa goli la mwisho. Alisimama, akapeana manete, akachukua chepeo yake iliyokuwa nyuma ya mlango. Sheria inakataza mtoto shimoni. Yeye alikuwa anajua hivyo, na sisi pia. Mwenye nyumba alimwita: «Weye, kesho ukienda masomo, mechi mbili bila makuta.» Mtoto akamwangalia, akaangalia chepeo, hakujibu. Tumekwisha kuandika jina la baba yake. Wiki hii tutafika kwao.