Shokapu za Gari Lililoshushwa katika Barabara za Simiyu

Miongoni mwa magari yaliyotumika yanayoingia Tanzania kutoka Japani yamo ambayo mmiliki wa kwanza aliyashusha kwa kuyafunga springi fupi na shokapu za kurekebishika, akizingatia kanuni za nchi hiyo zinazotaka sehemu ya chini ya gari ibaki angalau sentimita 9 kutoka ardhini. Gari la namna hiyo linapofika Bariadi, mkoani Simiyu, hukutana na barabara za tabia mbili zisizopatana. Ipo lami inayotoka Mwigumbi kupitia Maswa na kuendelea hadi Lamadi, na zipo njia za changarawe na vumbi zinazoingia vijijini Itilima na Meatu. Mpangilio wa shokapu unaomfaa abiria katika lami ndio unaomtesa katika changarawe.

Kabla ya kugusa shokapu ni lazima kazi yake itenganishwe na ya springi, kwa kuwa malalamiko mengi kuhusu ugumu wa gari huelekezwa kwa kifaa kisichohusika. Springi ndiyo inayobeba uzito, ilhali shokapu hutuliza mchezo wa springi kwa kusukuma oili ipite katika vitundu vyembamba vya pistoni, hadi nguvu ya mtikisiko igeuke kuwa joto. Utulizaji huo ndio unaoitwa ukinzani. Ikichukuliwa kwamba kona moja ya gari inabeba kilo 300, springi ya kawaida inayohitaji kilo 2.2 ili ibonyee milimita 1 huifanya bodi ipande na kushuka takriban mara 1.35 kwa sekunde, wakati springi ya kilo 6, ambayo si ngeni katika magari yaliyoshushwa, huifikisha mara 2.2. Kadiri hesabu hiyo inavyosogea kuelekea mara 4 hadi 8 kwa sekunde, ambapo mwili wa mtu aliyeketi huhisi mtikisiko wa juu na chini kwa ukali zaidi, ndivyo safari inavyochosha, na hakuna namna ya kuzungusha kitufe cha kurekebishia shokapu itakayoirudisha nyuma. Fundi anayelegeza shokapu ili kulainisha springi ngumu huishia kupata gari linalodunda, kwa sababu springi ya kilo 6 inadai ukinzani unaozidi mara moja na nusu ule unaoitosha springi ya kilo 2.2.

Jambo linalosahaulika zaidi ni nafasi ya shokapu kujibana. Shokapu yenye milimita 80 za kubonyea, gari likishushwa milimita 50 kwa kuteremsha kikalio cha springi, hubakiwa na milimita 30 tu kabla ya kufikia raba ya kikomo, yaani kile kipande cha mpira kinachozuia chuma kisigonge chuma. Katika tuta la mtaani kila gurudumu litaigonga raba hiyo, na abiria atasema shokapu ni ngumu ilhali kilichomuumiza ni raba. Shokapu ikilegezwa, raba itagongwa kwa nguvu zaidi. Hali hii hupimwa kwa urahisi: kifuniko cha vumbi huondolewa, kamba ya plastiki ya kufungia nyaya hufungwa kwenye ufito unaong'aa wa shokapu na kusukumwa chini hadi iguse sili, kisha gari huendeshwa katika njia yake ya kila siku. Shokapu inapojibana huisukuma kamba juu na kuiacha huko, hivyo pengo linalobaki kati ya kamba na raba ni nafasi ambayo haijatumika. Kamba ikikutwa imebanana na raba, dawa ya kwanza ni kulinyanyua gari, hata kwa milimita 15 au 20. Shokapu ambazo urefu wake hubadilishwa kwa kuzungusha mguu wa chini zina faida hapa, kwa kuwa hushusha gari bila kupunguza nafasi ya kujibana, mradi tairi lisifikie kusugua bodi.

Nafasi ikishapatikana, kitufe huwa na maana. Shokapu kama Tein Flex Z ina hatua 16, nazo huhesabiwa kwa kukaza kitufe hadi mwisho, kisha kukirudisha nyuma hatua moja moja, kwa sababu mwisho wa kukaza ndio alama ya uhakika. Katika shokapu nyingi zenye kitufe kimoja, hatua hizo hugusa zaidi ukinzani wa kurefuka, ule unaoizuia springi iliyobonyea isirudi kwa kishindo.

Hapo ndipo ardhi ya Simiyu inapoingia katika hesabu. Udongo mweusi wa mbuga huvimba unaponyonya mvua na kusinyaa hadi kupasuka wakati wa kiangazi, na barabara iliyopita juu yake huweza kupata mawimbi marefu ambayo jicho haliyaoni. Wimbi la urefu wa mita 15, gari likiwa katika kilomita 80 kwa saa, huisukuma bodi takriban mara 1.5 kwa sekunde, mwendo unaokaribia ule wa bodi yenye springi za kawaida, hivyo ukinzani ukiwa mdogo gari huendelea kuelea baada ya wimbi kupita. Katika lami inafaa kitufe kikazwe hatua moja baada ya nyingine, na kukoma pale bodi inapotulia baada ya mpando mmoja.

Kwenye changarawe mambo hugeuka. Mikunjo ya barabara iliyojipanga kama bati, ikiwa imeachana kwa sentimita 80, hulipiga gurudumu zaidi ya mara 12 kwa sekunde katika mwendo wa kilomita 36 kwa saa, nao ni mwendo ambao gurudumu lenyewe hupenda kurukaruka. Shokapu iliyokazwa kwa ajili ya lami hailipi gurudumu muda wa kurudi chini kabla ya mkunjo unaofuata. Hubaki imejibana zaidi kila mara, gari hushuka polepole bila dereva kujua, na hatimaye husafiri juu ya raba za kikomo. Kulegeza hatua 3 au 4 kabla ya kuacha lami huliondoa tatizo hilo, na ni kazi ya dakika chache ambayo kila mwenye gari la namna hii angepaswa kuizoea.

Tairi nalo lina sehemu yake, maana la 215/45 lina ukuta wa milimita 97 hivi wakati la 185/65 lina 120, na tofauti hiyo ni mpira ambao ungemeza kokoto kabla hazijafika kwenye shokapu. Kosa jingine hutokea gereji, bolti za bushi zinapokazwa gari likiwa limening'inia kwenye jeki: mpira wa bushi hujifunga katika mkao huo, na gari likishushwa chini husokoteka na kuongeza ugumu ambao hakuna kitufe kitakachouondoa. Bolti hizo hukazwa magurudumu yakiwa yamebeba uzito wa gari, kisha alaimenti hupimwa upya, kwa kuwa kila badiliko la kimo huipotosha.